Posa ya Mtani

Tangu asubuhi Mwahija alikuwa anafagia mahali palipokwisha kufagiwa. Mwanamke anayesubiri posa mikono yake haitulii, na ya Mwahija ilikuwa mikono ya kazi. Ndiyo iliyochora nakshi za kofia ambazo wanawake wa Kilwa Kivinje walizishona kwa sindano. Siku hiyo ilikataa hata kushika kalamu. Alifagia ukumbi, akafagia baraza, akarudi ukumbini, mpaka shangazi yake, Bi Mwanaidi, akamwambia autue huo ufagio.

"Wageni wenyewe Wamwera," alisema Bi Mwanaidi. "Wamezoea vumbi."

Mwahija akacheka. Akacheka kwa furaha, maskini ya Mungu, kwa sababu alidhani amesikia baraka.

Si kosa lake. Marehemu baba yake alikuwa Mmatumbi, na Bi Mwanaidi ndiye dada wa baba huyo, aliyemlea yeye na kaka yake Kibwana tangu wazazi wao walipofariki. Katika nyumba ile walilelewa wakijua kwamba Mmwera ni mtani wao. Mtani atakutukana hata msibani, atakukamatia kuku wako mchana kweupe, nawe utampa na chumvi ya kumlia. Sheria yake ni moja tu: mtani hakasirikiwi. Kwa hiyo anayekutania amekwisha kukuita ndugu. Hivyo ndivyo Mwahija alivyolelewa, na ndivyo alivyopendwa pia.

Maana mapenzi yake na Severini yaliingilia huko huko kwenye utani. Miaka miwili nyuma alipeleka mchoro wake mmoja kwenye maonyesho ya picha mjini Lindi, mchoro wa mlango wa nakshi wa nyumba yao. Mwanamume mrefu, mwembamba, akasimama mbele ya mchoro muda mrefu kuliko watu wengine wote, kisha akasema kwa sauti, asijue kwamba mwenyewe yuko nyuma yake, "Aliyechora mlango huu hajawahi kuupigia hodi. Hauna mtu ndani."

"Kwenu wapi, kaka?" Mwahija aliuliza.

"Nyangamara."

"Basi sikushangai. Mmwera ataujulia wapi mlango."

Yule bwana akageuka, akamtazama, akacheka kwa kicheko kirefu kilichowageuza watu. Na Mwahija, ambaye watu wengi waliusifu mchoro wake siku hiyo bila kuutazama, alijua kwamba huyu ameutazama. Na bwana yule alikuwa sahihi kabisa. Mlango ule hakuuchora kwa moyo.

Severini alikuwa mwalimu wa uchoraji katika shule moja ya Lindi. Simu wote wawili walikuwa nazo, lakini Severini hakutaka michoro ipite kwenye simu; alisema rangi ikipita humo inafika imeshakuwa rangi nyingine. Kwa hiyo alichochora alikikunja, akakitia kwenye bomba la karatasi ngumu, akampa kondakta wa basi, na nyuma ya mchoro akaandika barua. Mwahija naye akajibu vivyo hivyo. Wakabishana juu ya vivuli, juu ya mafundi wa zamani walioacha ua moja la nakshi bila kulimaliza, juu ya kama mkaa wa mkorosho unafaa kuchorea au unafaa kuchomea samaki tu.

"Mtani," aliandika Severini, "mnazi wako umesimama kama mwanafunzi aliyechelewa shule. Hebu mruhusu akae."

"Mtani," alijibu Mwahija, "mchoro wako umefika salama. Nimeufungia vitumbua."

Uongo mtupu. Mchoro ulikuwa umebandikwa ukutani juu ya mto wake, na Severini alijua hivyo bila kuambiwa. Barua nyingi Mwahija alimsomea shangazi yake jioni, wakacheka wote wawili mpaka machozi. Ila moja hakumsomea mtu. Ilikuwa nyuma ya sura yake mwenyewe Mwahija, ambayo Severini aliichora kwa kumbukumbu, kwa mkaa na udongo mwekundu wa kwao, kiangazi kizima. "Siku hizi nikichora, nachora ili wewe uone," aliandika. "Sijui zamani nilikuwa namchorea nani." Mwahija akausoma mstari huo mpaka akawa anausoma akiwa amefumba macho. Kisha akajibu, "Mtani, umeanza kuzeeka," na Severini akaelewa kwamba ameambiwa ndiyo.

Neno la mapenzi lisilovikwa utani hawakuwahi kuandikiana, isipokuwa hilo moja la Severini. La Mwahija halikuwepo hata moja.

* * *

Waliingia baada ya swala ya adhuhuri.

"Hodi wenyewe."

"Karibuni, kama mmenawa miguu," Bi Mwanaidi aliitikia.

Mwahija alikimbilia nyuma ya pazia la ukumbini, kama inavyompasa mwari anayekuja kuposwa. Kwenye upenyo akamwona mzee mfupi mwenye koti lililomzidi mabega. Huyo ndiye mjomba Laurenti, kaka wa mama yake Severini. Nyuma yake Severini mwenyewe, shati jeupe, pasi imesimama.

"Shikamoo, mama," alisema Severini.

"Marahaba, mtani. Kaeni. Si hapo, hapo wanakaa watu."

"Tutakaa hapa hapa," alisema mjomba Laurenti huku akijishusha kwenye mkeka. "Ninyi Wamatumbi mmeshuka mlimani juzi tu, leo mmekuwa waungwana wa pwani?"

Kibwana, kaka mtu, alikuwa ameegemea nguzo. "Safari njema? Au basi lilikuwa linasimama kila mkiona panya wa kitoweo?"

"Panya tumewaacha," alisema mjomba, "tunawatunza kwa ajili ya harusi."

Baraza zima likacheka. Mwahija akaziba mdomo kwa ncha ya kanga. Neno harusi limetamkwa nyumbani kwao, kweupe, na hakuna aliyekunja uso. Akasogeza jicho. Severini hakuwa anacheka. Alikuwa anautazama mlango wa nakshi, ule ule. Macho yake yakaupanda polepole, yakashuka, yakavuka kizingiti, yakafika kwenye pazia na yakatua hapo. Alijua kwamba yupo. Mwahija aliona joto linampanda kutoka shingoni, akatamani pazia lianguke lenyewe, isiwe kosa la mtu.

Badala yake akafanya alichozoea kufanya kila akizidiwa na moyo. Akatania.

"Shangazi," alisema kwa sauti kutoka mafichoni, "hebu muulize mtani, hivyo viatu ni vyake au ameazima?"

Watu wakaangua kicheko, Kibwana akainama kuvitazama. Severini akatabasamu kuelekea pazia, lakini miguu yake ikarudi nyuma taratibu, ikajificha chini ya ukingo wa mkeka aliotandikiwa kukalia. Vilikuwa vya kuazima. Mwahija akaona, na moyo ukamchoma, akajiambia kwamba akishaolewa atamwomba radhi kwa hilo.

Mjomba Laurenti akajikohoza, akavua kofia.

"Watani, tuutue utani kidogo. Nimetumwa na dada yangu Fortunata. Kijana wetu Severini anatafuta jiko, na jiko alilolipenda liko katika nyumba hii. Kwa habari ya dini, mwenyewe amekubali kukaa na shehe wenu asome. Sisi ni Wakatoliki, siwafichi, jambo hili limetuuma. Mama yake amelia sana. Alipomaliza kulia akampigia pasi shati hili alilovaa."

Mzee aliyasema bila mapambo. Mwahija akashika ukuta. Hakuwa amejua kuhusu shati.

Bi Mwanaidi alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akajipiga paja.

"Kibwana, umewasikia? Mwaka huu wamekuja kuiba mke wakiwa na shati la pasi."

"Mwaka jana walikuja na jogoo mgonjwa," alisema Kibwana.

"Mama," alisema mjomba Laurenti huku akijaribu kucheka nao, "hili ni la kweli."

"Si ndivyo msemavyo siku zote? Wezi nyie. Faini yenu kuku wawili, na huyu kijana afagie uwanja kabla ya kuondoka."

"Mama, nakuomba."

"Hata kuomba mnajua. Mmwera akiomba ujue ameshaiba."

Kila mara mzee alipojaribu kulirudisha neno lake, walilipokea kwa kicheko. Na afanyeje? Akasirike? Mtani hakasirikiwi, na mtani hakasiriki. Akikasirika yeye ndiye aliyevunja heshima, yeye ndiye wa kulipa. Mzaha mzaha hutumbua usaha, walisema wahenga, na nyuma ya pazia Mwahija aliacha kucheka. Alikuwa amechelewa kidogo kuliko wengine kuelewa kilichokuwa kikifanyika.

Bi Mwanaidi akainuka kwenda jikoni. Mwahija akamfuata.

"Shangazi, wale wamekuja kweli."

"Najua wamekuja kweli. Kwani mimi mtoto?"

"Sasa mbona unawafanyia hivyo?"

Bi Mwanaidi alikuwa anapanga kitu kwenye sinia, amempa mgongo. Hakupandisha sauti, alisema kwa upole ule ule ambao zamani aliutumia kumbembeleza anywe dawa.

"Mtu ukimfukuza, mwanangu, anarudi na wazee wengine. Anarudi na shehe, anarudi na mwenyekiti wa kijiji. Ukimcheka harudi. Abdulrazak wa Masoko ameshaniletea maneno, mtu wa watu, msikiti mmoja na sisi. Nimuache huyo nikuoze mtu aliyeazima viatu? Wewe mwenyewe umevicheka."

"Mimi nampenda Severini, shangazi."

"Mpende. Nani amekukataza? Lakini ukilisema neno hilo pale barazani, mbele za watu, basi utoke naye leo leo na hizo nguo ulizovaa. Na siku nikifa usije kunilia. Nitawausia wasikufungulie." Akafunika sinia kwa kawa, ile ya ukili wa rangi, akamgeukia na kumtengeneza kanga begani. "Haya, beba. Wageni wana njaa."

Mwahija akabeba. Alizoea kubeba alichopewa na shangazi yake. Akatoka nacho barazani bila kujitanda uso, mbele ya waposaji wake, jambo lisilofanywa na mwari yeyote, akalitua sinia mbele ya Severini. Wakawa karibu kiasi cha kusikiana pumzi. Miaka miwili walikuwa wakionana kwenye karatasi. Severini alimtazama kama alivyoutazama mchoro wake siku ile ya Lindi, bila haraka, na midomo yake ikacheza kidogo. "Mtani," alinong'ona.

Bi Mwanaidi akainua kawa.

Vitumbua vilikuwa vimepangwa juu ya karatasi, na karatasi ilikuwa sura ya Mwahija. Mafuta yalikuwa yameshalilowesha shavu lote la kushoto, mkaa umetanuka, udongo mwekundu umegeuka tope. Kitumbua kimoja kilikaa sawasawa juu ya jicho.

"Mtani, usishangae," alisema Bi Mwanaidi. "Mwenzio ndiye aliyeniambia kwamba michoro yako inafaa kufungia vitumbua. Nimejaribu, kweli, inanyonya mafuta kuliko gazeti."

Kibwana alicheka mpaka akakaa chini. Severini hakuitazama karatasi sana. Aliitazama mara moja, kisha akaitazama mikono ya Mwahija, ambayo bado ilikuwa kwenye ukingo wa sinia.

"Umeileta wewe," alisema polepole.

Mwahija akafungua mdomo. Alitaka kusema kwamba karatasi ile ilikuwa kashani, chini ya nguo zake za Idi, kwamba imechukuliwa bila yeye kujua, kwamba nyuma yake kuna mstari anaoujua kwa moyo. Bi Mwanaidi akamwahi.

"Tusibishane, watani. Mwenyewe huyu hapa. Mwahija mwanangu, umeandikiana na huyu bwana miaka miwili. Waambie wazee. Ilikuwa kweli, au ilikuwa utani?"

Kicheko kikakatika. Mjomba Laurenti aliinua uso, na kulikuwa na tumaini katika uso ule, tumaini la mzee aliyesafiri. Severini akakaa wima. Hakumsihi kwa neno wala kwa ishara. Alimwachia tu macho yake. Nyuma ya bega la Severini, Bi Mwanaidi alikuwa anasubiri huku ameshika kawa kifuani.

Neno lenyewe fupi. Mtoto anaweza kulisema. Mwahija alilitafuta, akaliona, akalifikisha hadi kwenye ulimi. Kisha akaiona nyumba imefungwa na yeye yuko nje, na jeneza la aliyemlea linapita, na hakuna anayemtazama.

"Utani," alisema.

Watu wakacheka tena. Na Severini akacheka. Alicheka vizuri kuliko wote, kwa kicheko kile kile kirefu cha Lindi, kwa sababu alikuwa mtu aliyelelewa vyema, na sheria ya utani inamtaka hivyo. Akachukua kitumbua kilichokuwa juu ya jicho, akakila chote, akajipangusa vidole.

"Vitamu," alisema. "Ahsante, mama. Mmetushibisha."

Akaomba ufagio. Akafagia uwanja wa mbele kutoka ukingo mpaka ukingo, na viatu vile vya kuazima, wakati mjomba wake akiwa amesimama kando, kofia mkononi, haangalii. Hakuna aliyemwambia aache. Mwahija alikuwa amesimama mlangoni, na hata yeye hakumwambia.

* * *

Aliwafuata mpaka stendi ya Nangurukuru kwa bodaboda, kanga inapepea, akimwambia dereva aongeze mwendo kila aliposhika breki. Basi la Lindi lilikuwa limeshasimama. Mjomba Laurenti alikuwa ndani, kwenye kiti cha dirishani. Severini alikuwa ameweka mguu mmoja ngazini.

"Severini."

Akageuka. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina.

"Nilisema uongo," alisema Mwahija, na pumzi zilikuwa zinamkatika. "Haikuwa utani. Hata barua moja haikuwa utani. Nakupenda. Picha ilichukuliwa kashani kwangu, sikujua kilichomo kwenye sinia, wallahi sikujua. Nakupenda tangu siku ile ulipoukosoa mlango wangu."

Abiria waligeuza shingo. Mama mmoja muuza korosho akasogea karibu na beseni lake. Severini akaushusha mguu ngazini, akasimama mbele yake, na uso wake ukalegea. Yule mtu wa kwenye barua alirudi mzima mzima. Akamtazama mpaka Mwahija akahisi machozi.

"Nilikuwa najua," alisema. "Hata pale ulipolisema, nilikuwa najua."

"Basi nisamehe."

"Nimekusamehe zamani. Sikiliza, Mwahija. Mjomba atashuka, nami nipo hapa. Turudi sasa hivi. Sitaki unitetee picha, picha nitachora nyingine. Ulivyosema hapa, kaseme vile vile mbele ya shangazi yako. Mara moja tu. Baada ya hapo wakitufukuza, tufukuzwe wote."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi."

Kondakta akapiga bati la basi kwa kiganja. "Lindi, Lindi, tunaondoka. Kaka, unapanda hupandi?"

Mwahija alitazama barabara ya kurudi Kivinje. Si mbali. Kwa bodaboda unafika kabla jasho halijakukauka. Alimwona shangazi yake ameketi barazani na kawa mapajani, akimsubiri, bila wasiwasi wowote.

"Kesho," alisema. "Niachie leo nimtayarishe kwanza. Yeye si mtu mbaya, Severini, humjui. Nitamwambia taratibu. Kesho, au hata Ijumaa, kisha nitakuandikia."

Severini alimtazama jicho moja, kisha la pili, kama mtu anayehakikisha kwamba hakukosea kipimo. Kisha Mwahija akaona tabasamu linakuja, na akaliogopa kabla halijafika, kwa sababu alilitambua. Lilikuwa lile la barazani.

"Mtani," alisema Severini kwa sauti ya kusikika na wote, "wewe bwana utaniua kwa kunichekesha. Msalimie shangazi. Mwambie vitumbua vilikuwa na sukari ya kutosha."

"Severini, sitanii."

"Najua, mtani. Ninyi Wamatumbi huwa hamtanii."

Abiria wakacheka. Mjomba Laurenti alivuta pazia la dirisha. Severini akapanda, kondakta akafuata, mlango ukabanwa, na basi likaingia lami kuelekea kusini. Mwahija alinyoosha mkono, halafu akaurudisha, kwa kuwa hakukuwa na wa kumpungia.

Yule mama wa korosho alikuwa bado anatabasamu. "Watani zenu hao, mwanangu? Wamwera?"

"Ndiyo, mama."

"Wana maneno hao."

"Wana maneno," Mwahija alijibu. Akaupangusa uso kwa kanga, akamwambia dereva wa bodaboda wageuze.